Kumchagua Nyoka wa Kwanza wa Kufuga Ukiwa Ughaibuni

Miaka sita iliyopita, nikiwa nimekwisha kuzoea maisha ya ughaibuni na ukimya wa nyumba ya mtu anayeishi peke yake, nilimnunua nyoka wangu wa kwanza. Ndugu zangu waliposikia walishtuka, na siwalaumu, kwa kuwa sisi tuliokulia Afrika Mashariki tunamjua nyoka kwa sura ya bafe aliyejilaza njiani, ya fira anayetema sumu na ya koboko mwenye mbio. Hofu hiyo ina msingi na sitaki mtu yeyote aipuuze. Hata hivyo, nyoka wanaomfaa mfugaji anayeanza hawana sumu ya kumdhuru mtu, ni wadogo, na wengi wao wamezaliwa mikononi mwa wafugaji kwa vizazi kadhaa. Wenzetu kadhaa wanaoishi huku wameniuliza waanzie wapi, na ninaona ni vyema niwajibu kwa kirefu.

Jambo la kwanza kulipima ni umri, kabla hata ya rangi au bei. Nyoka wa mahindi (corn snake kwa Kiingereza) akitunzwa vizuri huishi miaka 15 hadi 20, na chatu mpira (ball python) anaweza kufikisha miaka 30. Sisi wahamiaji tunaishi kwa vibali vyenye tarehe ya mwisho, kwa mikataba ya kupanga na kwa kazi zinazoweza kutuhamishia nchi nyingine, kwa hiyo anayemchukua mnyama wa namna hii lazima ajue mapema nani atampokea iwapo yeye atalazimika kuondoka. Chatu wote wamo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini, na kumvusha mpakani bila hati zake ni kosa hata kama umemfuga tangu akiwa mchanga. Soma pia mkataba wako wa nyumba na sheria za mahali unapoishi, kwa sababu ruhusa hutofautiana, halafu umtafute daktari wa wanyama anayetibu reptilia kabla hujamhitaji.

Baada ya hapo ndipo swali la aina linapokuja, na kwa mtu wa kwetu kuna jina moja linalovuta moyo mara moja: boa wa mchanga wa Kenya. Nilipomwona kwa mara ya kwanza katika kizimba cha mfugaji, rangi yake ya chungwa yenye mabaka meusi ikichungulia mchangani, nilisimama pale kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Ni nyoka mfupi na mnene, jike akiwa mkubwa kuliko dume kwa mbali, na kizimba chake hakihitaji nafasi kubwa. Tatizo ni kwamba maisha yake yote ni kuvizia akiwa amejifukia, macho na pua vikibaki juu, kisha kuruka ghafla kitu kikipita, kwa hiyo siku nyingi utakuwa unautazama mchanga mtupu, na ukimgusa bila kutarajiwa anaweza kukuuma akidhani mkono ni chakula. Namsifu kwa dhati, lakini simpendekezi kwa mtu anayetaka kujifunza kumsoma nyoka, kwa kuwa asiyeonekana hasomeki.

Chatu mpira, ambaye asili yake ni ukanda wa Afrika unaoanzia magharibi na kufika Uganda, ndiye anayependwa kuliko wote, na ni rahisi kuona sababu yake. Ni mpole, hatembei kwa haraka, na akiogopa hujiviringa na kukificha kichwa katikati ya mwili badala ya kushambulia. Lakini ana tabia moja inayowatesa wanaoanza: anaweza kukataa kula kwa wiki nyingi, hata miezi, hasa majira ya baridi. Rafiki yangu mmoja alikaa na wa kwake kwa miezi mitatu bila panya hata mmoja kuliwa, akimpima kila Jumapili kwa mizani ya jikoni na kuandika gramu kwenye daftari, na ni daftari hilo lililomtuliza, kwani uzito haukushuka ila kidogo sana. Mfugaji mzoefu huyapita hayo kwa utulivu, ilhali anayeanza huishia kubadilisha joto, kizimba na chakula kila siku na kumsumbua mnyama zaidi. Nawasihi pia waepuke chatu mpira wa nakshi inayoitwa buibui, hata akiwa mzuri namna gani, kwa sababu jeni inayompa nakshi hiyo humletea kasoro ya kushindwa kuuweka mwili sawa, kichwa kikayumba na kupinda, na sioni haki ya kuzalisha mateso kwa ajili ya rangi.

Hivyo basi, ushauri wangu ni nyoka wa mahindi, anayetoka kusini-mashariki mwa Marekani na ambaye ndiye niliyemchagua mimi. Mkubwa wake huwa na urefu wa kama mita 1.2, hula bila kusitasita, na husamehe makosa madogo ya joto na unyevu ambayo chatu mpira angeyalipia kwa ugonjwa wa mapafu. Akiwa mchanga huwa na wasiwasi na hutikisa mkia, lakini hutulia kadiri anavyokua na kuzoea kushikwa. Udhaifu wake ni kwamba ni hodari wa kutoroka: panapopita kichwa chake, mwili wote utapita, kwa hiyo kifuniko kisicho na kufuli hakifai. Nyoka mfalme wa California naye ni mzuri, ila hula nyoka wenzake na lazima akae peke yake. Chatu wa Burma, anayeweza kuzidi mita 5, si mnyama wa mtu anayeanza, na kwa maoni yangu si mnyama wa nyumba kabisa.

Ukishaamua aina, mchague mmoja mmoja kwa macho yako. Muulize mfugaji alizaliwa lini na wapi, kwa kuwa aliyekamatwa porini mara nyingi huja na kupe, minyoo na hofu isiyomtoka, kisha uombe kumbukumbu ya milo yake na, ikiwezekana, umwone akila. Nilipomshika wa kwangu, mwembamba kama kalamu, nilihisi misuli ikikaza na kulegea juu ya vidole huku ulimi ukitoka na kurudi haraka. Nikatazama pua kama ina ute, nikasogeza sikio nisikie kama pumzi inakoroma, nikakagua magamba kuzunguka macho na chini ya kidevu, mahali ambapo utitiri hujificha kama vumbi jeusi, na nikahakikisha tundu la haja ni safi.

Kizimba kiwe tayari kabla ya mnyama, si baada yake. Nyoka hana joto lake mwenyewe, kwa hiyo anahitaji upande wa joto, wa takriban nyuzi 30 za Selisiasi kwa nyoka wa mahindi, na upande wa ubaridi wa nyuzi 22 hadi 24, kila upande ukiwa na maficho, ili asilazimike kuchagua kati ya joto na usalama. Kifaa cha kupasha joto kiunganishwe na thamostati, yaani kidhibiti joto, bila kisingizio, kwani bila hiyo kinaweza kumchoma mnyama ambaye hajui kukimbia moto wa chini yake. Chakula ni panya aliyegandishwa, akayeyushwa na kupashwa katika maji ya moto, mnene kiasi cha sehemu pana ya mwili wa nyoka. Panya hai anaweza kumng'ata na kumjeruhi. Nawa mikono kila unapomgusa, kwa sababu reptilia hubeba bakteria wa salmonela wanaoharisha watu, na usimruhusu mtoto wa chini ya miaka 5 amshike.

Ukimfikisha nyumbani, usimguse kwa wiki nzima. Hilo lilinishinda karibu kila jioni, lakini nilivumilia, nikibadilisha maji tu na kufunga kifuniko. Usiku wa nane nilimsogezea panya kwa koleo refu. Alitoka kwenye maficho nusu ya mwili, akatulia, ulimi ukienda na kurudi mara nyingi nisizoweza kuhesabu, kisha akamnyaka, akajizungusha mara mbili na kuanza kummeza kuanzia kichwani. Nilikaa sakafuni gizani hadi mkia ulipotoweka, na ndipo nikaandika tarehe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake.