Kwaya ikiisha, gitaa linaingia

Nimerudi Tukuyu baada ya miaka 12. Nilipoondoka mwaka 2011 uwanja wa ndege wa Songwe, pale Mbeya, ulikuwa bado haujafunguliwa. Ilikuwa ni basi tu, kutoka nyumbani mpaka Dar, unashuka miguu imevimba kama mihogo. Safari hii nimeshuka Songwe, nikasogea Uyole, nikapanda Coaster. Dereva kafungulia singeli mwanzo mwisho. Singeli kwenye ukungu wa Isyonje, jamani! Akina mama wakakimbilia madirishani na ndoo za viazi, baridi ikaingia nao, nikafunga koti. Baridi ya Isyonje haikuheshimu hata kama umetoka Leicester, Uingereza.

Nyumbani mvua ilikuwa inanyesha. Si habari kwa Tukuyu, naiandika tu kwa sababu bati letu likipigwa na mvua redio haisikiki, na kisa chote hiki kinaanzia kwenye redio.

Baba alikuwa na redio kaseti aliyoinunua kwa pesa za kahawa. Jioni alikuwa anaisikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam, kidole kikiwa juu ya kitufe, anamsubiri mtangazaji amalize kusema ndipo arekodi. Siku hizo bendi zetu nyingi zilirekodi pale pale redioni na nyimbo zao hazikuuzwa madukani. Ukiupenda wimbo, unauvizia. Betri zikichoka tunazianika juani pamoja na mahindi. Kanda moja aliijaza Mbaraka Mwinshehe mtupu, yule mwimbaji na mpiga gitaa, nyimbo za enzi za bendi yake ya Super Volcano. Mbaraka alikuwa ameshafariki kwa ajali ya gari kule Mombasa, Januari 1979, na baba alikuwa akiishika ile kanda kama picha ya ndugu. Alivunja vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwake, ili asitokee mtu wa kurekodi juu yake.

Mtu huyo alikuwa mama.

Mama alikuwa sauti ya pili kwenye kwaya. Kwetu Moravian si mchezo: wamisionari walifika Rungwe mwaka 1891, na mpaka leo ukisema umezaliwa huku mtu anakuuliza unaimba sauti ya ngapi. Pasaka ilikuwa inakaribia, mwalimu wa kwaya kawafundisha wimbo mpya, na mama akataka kuufanyia mazoezi akiwa jikoni. Kanda tupu hakuna. Akachukua karatasi ya sukari, akaikunja mara nne, akaziba matundu ya vile vijino, akabeba redio kwenda kanisani. Kwaya nzima ikaimba mbele ya redio ya baba, na Mbaraka akawa anafutika humo ndani, mstari baada ya mstari.

Baba alipogundua hakugomba. Alikula siku tatu bila kuomba chumvi. Kwa waliomjua, hiyo ni vita.

Ila wimbo wa kwaya ulikuwa mfupi kuliko wa Mbaraka. Mama alibonyeza kuzima waimbaji walipomaliza, na pale alipoishia, kilichokuwepo zamani kikabaki. Kwa hiyo ukiisikiliza kanda: sauti nne zinapanda, zinashuka, zinatulia kwenye noti ya mwisho, kisha *tak!* gitaa la Mbaraka linaingia katikati ya mbio zake, kama mtu aliyechelewa ibada na hana hata aibu. Nusu dakika hivi, halafu upande unakwisha.

Tuliisikiliza hivyo miaka mingi, mpaka redio ikaitafuna ile kanda. Hakuna mtu nyumbani kwetu aliyeweza kuusikia ule wimbo wa Pasaka ukaishia pale unapoishia. Kanisani, kwaya ikinyamaza, mimi na kaka zangu tulikuwa tunang'atana midomo tusicheke, maana wote tunalisubiri gitaa. Siku moja nikamwona baba, mzee mzima na suti yake, vidole vinatembea juu ya goti.

Nikiwa Leicester niliupata ule wimbo wa Mbaraka kwenye intaneti, mzima, safi. Nikagundua lile gitaa halikuwa mwisho wala mwanzo, lilikuwa tumboni mwa wimbo, na baada yake kuna maneno ambayo sikuwahi kuyasikia. Niliusikiliza mara moja tu. Nilijisikia kama nimemkuta mtu wa nyumbani amevaa nguo za ofisini.

Baba alizikwa 2017 nikiwa huko, karatasi zangu hazikuniruhusu kusafiri. Kaka alinipigia, akaishika simu juu ili nisikie. Kwaya ikaimba ule ule. Walipofika mwisho nikashika pumzi, na bando la kaka likakata.

Sasa nipo. Juzi nilimwekea mama ule wimbo mzima kwenye simu. Akausikiliza ameinamisha kichwa, kisu mkononi, ndizi za mbalaga mapajani. Ulipokwisha akaniuliza, "Na kwaya wameitoa kwa nini?"

"Mama, huu ndio wenyewe."

"Aka. Huo si wenyewe."

Jioni mvua ilikatika kidogo. Binti wa kaka, ana miaka saba, alikuwa nje anasugua sufuria kwa majivu, anaimba ule wa Pasaka kwa sauti ya kwanza. Huyu hakuiona ile kanda wala redio. Babu yake alipofariki alikuwa mchanga. Akafika noti ya mwisho, akaivuta vizuri, halafu bila kupumua: *ti-ri-ri-ti, ti-ri-ti.*

Nikamuuliza nani kamfundisha hiyo ya mwishoni.

"Ipi?"

"Hiyo ya ti-ri-ri."

Akanitazama kama mgeni, na kwa kweli ni mgeni. "Si ndivyo unavyoisha, shangazi?" akasema, akachota majivu mengine.