Mandara na Maundi kwa siku moja kutoka Moshi: ninavyopanga

Wengi wanaopanda Kilimanjaro kwa siku moja kupitia njia ya Marangu huishia Mandara, kambi ya kwanza ya njia hiyo. Wanakula, wanapiga picha kwenye vibanda, wanageuza. Uhondo wenyewe uko dakika 15 hadi 20 mbele, Kreta ya Maundi. Mandara imezungukwa na miti. Ukingoni mwa Maundi ndiko vilele vya Kibo na Mawenzi huonekana, na upande wa chini Ziwa Jipe na tambarare za Kenya. Kwa hiyo safari nzima naipanga kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka Maundi.

Jua likikolea, mawingu hupanda kutoka msituni, na mchana mara nyingi pale juu huoni kitu. Nalenga kufika kabla ya saa 6. Kutoka getini, kwenye mita 1,850 hivi, hadi Mandara, mita 2,720, ni kama kilomita 8, saa 3 kwa mwendo wa pole. Basi saa 2 na nusu asubuhi niwe nimeshaanza kutembea, na Moshi niiache saa 12. Daladala hupitia Himo hadi Marangu Mtoni. Kipande cha kutoka hapo hadi getini panda bodaboda, usimalizie miguu kwenye lami.

Getini ndiko muda hupotelea. Mwongozaji ni lazima hata kwa matembezi ya siku moja, hivyo napatana naye siku moja kabla. Bila kitambulisho cha taifa ni vigumu kutozwa kiwango cha Mtanzania. Malipo hayafanywi kwa pesa taslimu, kwa hiyo hakikisha kadi au simu ina salio.

Begi langu lina maji lita 2, chapati mbili, mayai ya kuchemsha, ndizi, koti la mvua na fulana kavu. Hiyo fulana usiiache. Kila ukipanda mita 100 joto hupungua kwa zaidi ya nusu nyuzi, na ukikaa Mandara na jasho mgongoni, baridi inakuingia ndani ya dakika chache. Mimi nabadilisha kabla sijafungua chakula.

Mwendo uwe wa kuweza kuzungumza bila kuhema. Napumzika Kisambioni, karibu nusu ya njia, dakika 10 tu. Huku chini tazama juu kwa ajili ya mbega na kima, na pembeni mwa njia, kwenye unyevu, tafuta ua dogo jekundu lenye njano, mkia wake umejikunja kama mkonga wa tembo. Kitaalamu ni Impatiens kilimanjari, na haliko popote duniani isipokuwa mlima huu. Ni dogo kuliko kidole gumba, mwenye haraka halioni.

Kushuka ndiko watu huumia. Mizizi iliyolowa huteleza kuliko tope, kwa hiyo kanyaga katikati ya mizizi, si juu yake. Kata kucha siku mbili kabla, na ukiwa Mandara kaza upya kamba za buti kwenye kifundo ili vidole visigonge mbele. Hatua fupi, magoti yamelegea kidogo. Aprili na Mei, masika yanapokolea, njia hugeuka utelezi mtupu. Miezi hiyo siendi bila fimbo mbili.