Kutoka Waiyaki Way hadi Makina: kufuata migogoro ya dini na haki jijini Nairobi

Matatu ya 105 inayotoka Kikuyu ilitushusha Upper Kabete, kando ya Waiyaki Way, karibu na ofisi za NACOSTI, tume ya serikali inayotoa leseni za utafiti. Maombi sasa hufanywa kwa mtandao. Kwa hiyo wengi wanaofika pale kwa miguu ni wale ambao maombi yao yamekwama, na mara nyingi sababu ni moja: wameruka hatua. Pendekezo hutetewa kwanza idarani, kisha huenda kwa kamati ya maadili ya utafiti iliyoidhinishwa, na cheti cha kamati ndicho kinachofungua mlango wa leseni. Anayetuma maombi kabla ya cheti anapoteza muda. Anayebadilisha maneno mawili ya kichwa cha utafiti kati ya cheti na fomu atarudishwa pia. Leseni hutaja kaunti, na mwanafunzi aliyeandika Nairobi pekee hana ruhusa ya kwenda kumhoji mzazi Isiolo hata kama kesi anayoisoma ilizaliwa huko.

Kamati huuliza sana kuhusu data, na ina haki. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaweka imani ya mtu katika kundi la taarifa nyeti, pamoja na afya na asili ya kikabila. Ukiandika katika daftari moja kwamba mhojiwa fulani ni Mkorino (muumini wa makanisa ya Kiafrika yanayovaa vilemba), nambari yake ya simu ni hii na anaishi ploti ile, tayari umekosea. Majina yakae kwenye faili moja lenye nywila, mazungumzo kwenye faili nyingine yenye alama tu (M1, M2, K1), na faili hizo mbili zisisafiri kwenye simu moja. Simu huibwa Nairobi.

Tukielekea mjini tulipita makao ya Baraza la Makanisa ya Afrika Yote, Westlands. Hapo mwaka 1990 Jesse Mugambi wa Chuo Kikuu cha Nairobi alipendekeza kwamba teolojia ya Afrika iache kujifikiria kwa mfano wa Kutoka Misri peke yake, ianze kufikiri kwa mfano wa Ezra na Nehemia, yaani kujenga upya. Hatukushuka. Lakini mwanafunzi anayetaka kujua kwa nini makanisa ya Kenya yalizungumza kuhusu katiba kwa sauti ile miaka ya tisini ana mlango hapo.

Kituo cha kweli cha kwanza ni Nyayo House, pembeni ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway. Ofisi za utawala wa serikali kuu kwa Nairobi zimekuwa humo miaka mingi, na mtafiti mwenye leseni hutakiwa kujitambulisha kwa utawala wa kaunti na kwa mkurugenzi wa elimu kabla ya kuanza kazi. Beba leseni, barua ya chuo, nakala za kitambulisho, na subira ya foleni. Chini ya sakafu za jengo hilohilo ndiko walikofungiwa washukiwa wa Mwakenya, kundi la siri lililopinga serikali ya Moi, miaka ya themanini, wengine wakisimamishwa ndani ya maji katika vyumba vya giza. Mwaka 2010 Mahakama Kuu iliamuru kundi la walioteswa humo walipwe fidia, na hukumu hiyo inapatikana bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Isomwe kabla ya kupanga foleni. Inabadilisha namna mtu anavyolitazama lile jengo.

Kutoka hapo hadi Freedom Corner, kwenye kona ya Uhuru Park, ni kuvuka barabara tu, na ukivuka tena Kenyatta Avenue unafika Kanisa Kuu la All Saints. Kipande hiki kifupi cha jiji kina kisa ambacho, kwa maoni yetu, kinafundisha zaidi kuliko muhula mzima wa mihadhara juu ya "dini na haki".

Tarehe 28 Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walianza kususia chakula hapo bustanini, wakidai wana wao waachiliwe. Wangari Maathai alikuwa pamoja nao. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa marungu na gesi ya kutoa machozi, na baadhi ya wale mama wakavua nguo mbele ya askari vijana. Baadaye walipoikuta bustani imezingirwa, walihamia kanisani. Provosti Peter Njenga, mkuu wa kanisa hilo, aliwakubalia, wakaishi katika chumba cha chini cha kanisa hadi mwanzoni mwa 1993, wakati wengi wa wafungwa wao walipokuwa wameachiliwa.

Mwanafunzi wa kawaida huandika kisa hiki chini ya kichwa "Mchango wa Kanisa", akafunga ukurasa. Kwa kufanya hivyo anapoteza theluthi mbili za ushahidi wake. Dai lenyewe lilikuwa la kisheria: hakuna mtu anayepaswa kufungwa kwa maoni yake. Hifadhi ilikuwa ya Kikristo, na hapo kuna swali la teolojia: ni mafundisho gani yaliyomfanya kiongozi wa kanisa aone kwamba kuwafukuza ni dhambi? Lakini kitendo kilichowafanya askari wageuze nyuso hakikutoka kwenye Biblia wala kwenye Azimio la Haki za Binadamu la 1948. Mama mzee anayeuonyesha uchi wake kwa kijana anayempiga anamlaani, na askari wale walilijua hilo kwa malezi ya nyumbani kwao. Tamaduni tatu zilifanya kazi katika kisa kimoja, kwa watu walewale. Anayeuliza "Ukristo unasema nini kuhusu haki?" hatawahi kuiona ile ya tatu.

Ndiyo maana sisi hushikilia kwamba utafiti wa aina hii uanze na mgogoro, mafundisho yafuate. Chagua tukio lenye tarehe, mahali na watu waliotofautiana, kisha uulize kila upande ulitegemea nini.

Katika mahojiano tofauti inaonekana mara moja. Ukimuuliza mchungaji au imamu kama dini yake inaheshimu haki za wanawake, atakupa jibu la mimbari: ndiyo, tena kwa aya. Muulize badala yake: mara ya mwisho mjane alipokuja hapa na shida ya shamba, nani aliketi kumsikiliza, nani aliongea kwanza, iliandikwa wapi, iliishaje? Hapo utapata dakika arobaini za maelezo. Usipige simu kwa mchungaji Jumatatu, wengi hupumzika siku hiyo. Asubuhi za Jumanne hadi Alhamisi ndizo zinazofaa. Kwa kazi ya shahada ya uzamili, mahojiano kumi na tano hadi ishirini yaliyofanywa vizuri yanafaa kuliko hojaji mia mbili ambazo kila mtu amejibu "nakubali sana".

Wahojiwa wazee waliopitia miaka ile ya themanini na tisini huogopa kutia sahihi. Sahihi ndiyo iliyowafunga wenzao. Kwa hiyo omba kamati ya maadili mapema ikuruhusu kuchukua ridhaa kwa sauti: unasoma maelezo kwa Kiswahili, mhojiwa anakubali kwenye rekodi, na shahidi anatia sahihi kuwa alisikia. Ukisubiri hadi umefika mlangoni ndipo ugundue tatizo hilo, itakubidi urudi kwa kamati na kungoja upya. Nauli ya mhojiwa nayo iandikwe kwenye bajeti ya pendekezo, la sivyo itaonekana kama umenunua majibu.

Tulipanda kidogo kuelekea St Andrew's, kanisa la PCEA (Wapresbiteri) jirani na chuo kikuu, ambapo mchungaji Timothy Njoya alihubiri tarehe 1 Januari 1990 akiuliza kama serikali za chama kimoja za Afrika zingedumu baada ya zile za Ulaya Mashariki kuanguka. Kifungu cha 2A cha katiba ya zamani, kilichoruhusu chama kimoja tu, kilifutwa Desemba 1991. Sinagogi iko karibu, kwenye makutano ya University Way na Uhuru Highway. Huko usifike bila kuandika barua kabla na kubeba kitambulisho. Ulinzi ni mkali, na askari wa lango hana mamlaka ya kukuonea huruma.

Kisha tukashuka kwa Muindi Mbingu Street, tukapita Jeevanjee na City Market, hadi Msikiti wa Jamia. Ijumaa adhuhuri si saa ya mahojiano, maana mitaa yote ya hapo hujaa watu wa swala. Wanawake wafunike vichwa na waulize mlango wao. Viatu huachwa, kamera haitolewi watu wakiswali. Mwezi wa Ramadhani, mazungumzo marefu hupatikana baada ya tarawehe, lakini hakikisha kwanza una usafiri wa kurudi.

Mgogoro wa kufuata hapa ni Mahakama za Kadhi. Mizizi yake ni mapatano ya 1895 kati ya Uingereza na Sultani wa Zanzibar kuhusu ukanda wa pwani, na yalithibitishwa uhuru ulipokaribia, mwaka 1963. Katiba ya 2010 inasema katika Kifungu cha 8 kwamba hakuna dini ya taifa, inalinda uhuru wa imani katika cha 32, inaziweka Mahakama za Kadhi katika cha 170, na katika cha 24(4) inaruhusu usawa upunguzwe kwa kiasi kinacholazimu tu, ili sheria ya Kiislamu itumike kwa Waislamu katika hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Vifungu hivi visomwe pamoja. Anayenukuu kimoja anapata hitimisho alilokuja nalo. Tena, makanisa mengi yaliyowatetea wafungwa mwaka 1992 yalipiga kampeni ya "La" katika kura ya maoni ya Agosti 2010, sababu mojawapo ikiwa ni mahakama hizo. Na Juni 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mtoto wa Mwislamu hawezi kunyimwa urithi kwa kuwa alizaliwa nje ya ndoa, uamuzi ambao viongozi wengi wa Kiislamu waliupinga. Kwa sasa hakuna mada hai zaidi ya hiyo kwa mwanafunzi anayejua Kiarabu kidogo cha fiqhi, elimu ya sheria ya Kiislamu. Asiyekijua atafute msimamizi wa pili.

Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, tuliingia kwa muda mfupi. Mikoba huachwa nje, penseli inatosha. Kanuni ya miaka thelathini ina maana kwamba faili za serikali za 1992 zimeanza kufikia umri wa kufunguliwa, ingawa umri pekee hauhakikishi kuwa faili iko kwenye rafu. Hapa pia ndipo pa kuanzia kwa dini zisizo na jengo mjini. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua upande wa jamii ya Waendorois kuhusu Ziwa Bogoria, uamuzi uliotangazwa mwaka 2010, na Mahakama ya Afrika upande wa jamii ya Waogiek mwaka 2017 kuhusu Msitu wa Mau. Kesi zote mbili zilikuta kwamba uhuru wa dini ulikiukwa, kwa sababu kumwondoa mtu kwenye ardhi yake ya ibada ni kumwondolea ibada yenyewe. Ramani za zamani za wilaya na barua za maafisa wa kikoloni kuhusu misitu ni malighafi ambayo wanafunzi wa teolojia hawaigusi sana.

Mwisho tulichukua matatu ya Kibra, tukashuka upande wa Makina, mtaa wa Wanubi, wazao wa askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki za Mtoto iliamua kwamba Kenya imekiuka haki ya watoto wa Kinubi ya kupata uraia na haki yao ya kutobaguliwa. Kwa kuwa wazazi wao ni Waislamu, ni rahisi kuandika "ubaguzi wa kidini". Muulize kwanza mhojiwa alichoulizwa kwenye dirisha la vitambulisho: dini, au babu yake alizaliwa wapi?

Kibra hiyohiyo ilitoa kesi ya msichana wa kidato cha kwanza aliyefukuzwa shuleni kwa sababu ya rasta. Septemba 2019 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba Urastafari ni dini inayolindwa na Katiba, na msichana arudi darasani na nywele zake. Wanafunzi hupenda kuilinganisha na kesi ya Isiolo ya wasichana Waislamu kuvaa hijabu shuleni, ambayo Mahakama ya Juu iliiamua Januari mwaka huohuo, kisha wanaandika kwamba Kenya imeruhusu rasta ikakataza hijabu. Sivyo. Ombi la hijabu lililetwa kama ombi la pili ndani ya kesi ya Kanisa la Methodisti kuhusu shule, na Mahakama ya Juu ilibatilisha uamuzi wa Mahakama ya Rufaa ulioruhusu hijabu, kwa sababu ya namna ombi hilo lilivyofikishwa mahakamani. Ilibaki wazi kwa mwenye hoja kuja na kesi inayostahili. Jaji Ojwang hakukubaliana na wenzake, na maoni yake ni sehemu ya hukumu inayostahili kusomwa yote. Mlinganisho wa haki ni na uamuzi wa Mahakama ya Rufaa wa 2017 kuhusu Waadventista na masomo ya Jumamosi, kwa sababu huko suala la imani ndilo lililoamuliwa.

Mahojiano ya Makina huchanganya Kinubi, Kiswahili na Sheng, na redio ya jirani haizimwi. Keti ndani, kinasa sauti kikiwa juu ya kitambaa na si juu ya meza tupu, na utenge saa sita hadi nane za kunakili kwa kila saa moja uliyorekodi. Nakala irudi kwa mhojiwa kabla ya kunukuliwa. Ripoti ya mwisho huwasilishwa NACOSTI kama leseni inavyodai, nyingine hupelekwa kwa wazee wa msikiti, ikiwa na muhtasari wa Kiswahili wa kurasa mbili, kwa sababu mtafiti atakayefuata ataulizwa mlangoni yule wa kwanza aliandika nini.