Ile naifungua ukija wewe

Wiki imeisha. Toleo 1.0 la programu yangu ya kuandika mizigo na madeni ya wauzaji limetoka, dada kavishwa pete Jumamosi, mkataba wa kazi ya mchana umeongezwa miezi sita. Na mimi nakesha nikiwaza maneno manne ya mama anayeuza mchele Tandale.

Mnamkumbuka. Ndiye mtumiaji wangu wa kwanza wa kweli, niliyejisifu kwa ajili yake humu miezi miwili mizima. Jumatano nikapita bila kumwambia. Nikamkuta na kaunta buku pajani, kalamu imechomekwa kwenye kilemba, simu inachaji huko nyuma ya magunia.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Mbona hukusema unakuja?”

Nikamuuliza programu inaendaje. Akacheka kwanza, kile kicheko cha mtu aliyefumaniwa. “Mwanangu, nisikufiche. Ile naifungua ukija wewe.”

Angesema naifungua mara mojamoja, ningelala. Lakini ukija wewe! Kumbe siku zote nilizokaa pale na soda aliyoninunulia, nikimtazama anavyobonyeza, nilikuwa mgeni anayepakuliwa kwenye sahani za kabatini. Nikiwa naoga nalisikia. Kwenye daladala nalisikia. Ukija wewe.

Nikambana aseme sababu. “Mzigo umeshushwa Jumanne, yenyewe inaniandikia Jumatatu. Nikasema labda nakosea mimi. Halafu ulivyokuwa na furaha, ningekuvunjaje moyo?”

Malori ya mchele hushusha usiku wa manane. Saa nane usiku wa kuamkia Jumanne, kwa UTC, yaani saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, bado ni saa tano usiku wa Jumatatu, na Django, zana niliyoijengea programu, ukianzisha mradi mpya hukuwekea UTC. Kuna mstari mmoja tu wa kubadilisha, uandike Africa/Dar_es_Salaam. Sikuubadilisha kwa sababu mimi hujaribu programu yangu jioni, baada ya kazi, na jioni tarehe ni ileile huku na kule. Nimeubadilisha usiku uleule, tarehe za nyuma zote zikajinyoosha zenyewe. Dakika mbili, pamoja na kuwasha seva upya.

Sasa sikilizeni. Jioni tatu nilizimaliza nikipima leseni ya kuuachia umma msimbo wangu, MIT inayoruhusu karibu kila kitu au AGPL inayomdai anayeurekebisha na kuuweka kwenye seva atoe na wake, nikiogopa kampuni isije ikachukua msimbo wangu, ikaurekebisha na kuuweka kwenye seva zao bila kurudisha kitu. Kuna mtu wa Ujerumani kaomba mwonekano mweusi wa usiku, nikamtengenezea kabla hajapoa. Lakini kumuuliza mama wa watu mzigo wake hushushwa saa ngapi, hilo halikunipitia kichwani. Yeye hana akaunti ya GitHub, tovuti ninakoweka msimbo, ya kuniripotia kosa. Alikuwa na adabu tu, nayo ndiyo ikamfunga mdomo.

Nikamwomba daftari niliangalie. Pembeni ya baadhi ya majina kuna kiduara chekundu.

“Hao wamefiwa,” akasema. “Nawaacha kwanza, arobaini ipite.”

Programu yangu hutuma ujumbe wa deni siku ya saba, uwe msibani usiwe msibani. Nikanyamaza. Nikaendelea kufunua kurasa, na ukurasa wa tatu kutoka mwisho nikakuta: *mke wa kijana wa kompyuta, kilo 10, kalipa nusu.*

Nilicheka hadi mpagazi akageuka na gunia lake begani. Wali wa wiki mbili nimekula kwa mkopo wa mteja wangu mwenyewe, na mke wangu (mnamjua alivyo) kaniapia kwamba ulilipwa wote! Nikalipa nusu iliyobaki. Mama akakata mstari kwa rula. Kwa rula, jamani.

Usiku ule nimeongeza kiduara chekundu kwenye programu. Bado sijajua niipe jina gani hiyo sehemu.

Baba hapokei simu tangu jana asubuhi. Jirani yake anasema kamwona akimwagilia mchicha, lakini jirani yule husema kamwona kila mtu.