Bili ya Masizi

Ujumbe umeniingia niko juu darini kwetu, mtaa wa Langoni, Lamu, mama anapalia wali. Vifuu vimeshashika, makaa yako chini ya sufuria na mengine juu ya kifuniko, na upepo wa kaskazi unausukuma moshi upande wa mashamba. Nilidhani ni kazini wananiuliza narudi lini. Kumbe ni wakala wa nyumba ninayopanga kule Yorkshire, Uingereza. Pauni 340, za kukwangua lami iliyoganda ndani ya dohani, lile bomba la moshi la ukutani. Na chini yake sentensi niliyoisoma mara nne: gharama hii italipwa na mpangaji, kwa kuwa hakuwa na uzoefu wa kutumia moto wa kuni.

"Mbona umekunja uso? Kuna msiba?" mama akaniuliza.

"Hapana mama, ni bili. Bili ya masizi."

Akaiangalia sufuria yake ilivyo nyeusi tako zima. "Masizi nayo hulipiwa?"

Hesabuni wenyewe kwa shilingi, halafu mlinganishe na kodi ya chumba hapa Langoni. Lakini pesa siyo iliyonichoma. Kilichonichoma ni hilo neno, kwamba sina uzoefu wa moto. Nimeshika kipepeo nikapepea seredani kabla sijajua kusoma juzuu. Najua kuni za mkoko zinavyotoa joto la kukaa, najua makumbi yanavyofukiza macho, najua kifuu kinavyowaka kwa pupa kikaisha. Upepo ukigeuka kuwa kusi tulihamisha jiko upande wa pili wa ukuta bila kuambiwa. Jiko letu liko juu kabisa ya nyumba kwa sababu wazee walijua moshi unataka kwenda wapi. Na mtoto aliyekulia katikati ya mapaa ya makuti hafundishwi mara mbili kutoacha kaa la moto penye upepo.

Sasa niseme ukweli wote, maana siandiki ili nihurumiwe. Moto wa wazi na moto uliofungwa ukutani si ndugu. Huu wa kwetu una mbingu nzima ya kupumulia. Ule wa Uingereza una tundu moja jembamba linalopanda orofa mbili au tatu hadi juu ya paa, na kila kitu kinategemea tundu lile. Hilo sikulijua. Lakini kutolijua siko kulikojaza dohani lami, na hapo ndipo ugomvi wangu na wakala ulipo.

Nilihamia ile nyumba Septemba. Ni safu ya nyumba za mawe zilizoshikana ukuta kwa ukuta, za zamani, kila chumba cha chini kina meko yake. Wakala aliyaonyesha kwa fahari na akasema yanatumika. Hakusema yamesafishwa lini. Jioni moja ya Oktoba nimetoka zamu ya saa kumi na mbili mfululizo ya kuhudumia wazee, mifupa inaniuma kwa baridi, nikanunua wavu wa kuni langoni mwa shamba moja njiani. Nikawasha kama ninavyowasha mafiga: vijiti chini, vigogo juu, nikapuliza. Dakika mbili tatu moto ukapendeza. Kisha moshi ukarudi. Ukashuka kama maji ya kupwa yaliyogeuka kujaa, ukajaza chumba, king'ora kikalia, nikatoka nje na khanga na soksi, natokwa na machozi.

Jirani wa mlango wa pili alikuja na tochi. Bibi wa miaka kama themanini, mjane, ambaye kwa mwezi mzima tulikuwa tumepungiana mikono tu. Hakuniuliza nimetoka nchi gani. Alifungua madirisha, akachota kuni zile kwa koleo akazitia kwenye ndoo ya chuma, akaitoa nje. Moto ulipokwisha akainama akamulika juu ndani ya dohani, akaniita nitazame. Palipotakiwa kuwa na tundu wazi palikuwa pamezibika. Akanikataza kuwasha tena hadi aje msafisha dohani, akanichukua kwake akanipa chai. Kwao yeye ndiye mwenyeji na mimi mgeni, lakini usiku ule alinipokea kama anavyopokewa mtu aliyeshuka jahazini kwetu.

Nilimpigia wakala siku iliyofuata. Wiki mbili kimya. Nikamwita msafisha dohani mwenyewe, nikamlipa pauni 75 mfukoni mwangu. Alisukuma brashi kwa fimbo zinazoungwa moja baada ya moja, akatoa magunia mawili ya vijiti, manyoya na takataka. Kuna kunguru wadogo kule wanaopenda kujenga ndani ya dohani, wanadondosha vijiti hadi kimoja kinase, kisha wanaongeza. Kiota kile hakikuwa cha msimu mmoja. Na juu ya kiota, akaniambia, ukuta umepakwa lami nyeusi inayong'aa kama kioo, brashi haiitoi, inahitaji chombo cha kukwangua, na meko yasiguswe kabla ya hapo. Akaandika yote kwenye cheti, na tarehe, kwamba ni mabaki ya miaka mingi. Cheti nilikipiga picha nikamtumia wakala siku ile ile.

Lami hiyo inaitwa kreosoti, na inafaa muielewe, nyinyi mnaojiandaa kwenda kule, kabla hamjafunga sanduku. Kuni mbichi ina maji mengi, ikiwa imekatwa karibuni yaweza kufika nusu ya uzito wake. Moto unapoteza nguvu kwanza kuyachemsha hayo maji. Moshi unaopanda unakuwa wa baridi, mzito, umebeba vitu ambavyo havijaungua, na ukigusa ukuta wa dohani wenye baridi unaganda. Leo kidogo, kesho kidogo. Mwisho unakuwa ganda linaloweza kushika moto lenyewe, na dohani ikiwaka inanguruma kama injini. Hapo ni kutoa watu nje na kupiga 999, hakuna ushujaa. Ganda la unene ule halifanywi na wavu mmoja wa kuni jioni moja. Nimewasha mara moja tu katika nyumba ile. Mara moja.

Miezi ya Novemba na Desemba nililipia gesi nikiwa na meko mawili yaliyokufa. Jioni nisizo na zamu nilikuwa kwa bibi jirani, na kwake ndiko nilikojifunza huo moto wa ukutani. Kwanza anafungua kile kibati cha chuma kilicho kooni mwa dohani. Kikiwa kimefungwa moshi hauna pa kwenda ila usoni mwako. Kisha anaviringisha gazeti, analiwasha, analishika juu kooni kwa nusu dakika, kwa sababu hewa baridi iliyolala ndani ya dohani ni nzito kama kizibo, lazima ipashwe moto ndipo ianze kupanda. Dirisha analiacha wazi kidole kimoja. Nyumba za kule zimezibwa kila ufa, na moto usiopata hewa chumbani utaivuta kwa kupitia dohani, na moshi unashuka nayo. Nilipomweleza habari za kaskazi na kusi alicheka kwa furaha, akasema na yeye ana upepo wake wa mashariki ambao ukivuma hawashi kabisa.

Kuni anazipanga kinyume na sisi. Vigogo chini, vijiti juu, na moto unawashwa kileleni ushuke taratibu. Nilibisha. Kisha nikaona kuwa moshi wa vigogo unapita ndani ya miali na kuungua, na chumba hakinuki. Majivu ya kuni hayakombi yote, anaacha tandiko la sentimita mbili tatu linalotunza makaa. Yanayozidi yanakwenda kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, nje, mbali na mlango, kwani kaa lililozikwa ndani ya majivu laweza kuishi siku kadhaa.

Kibanda chake cha kuni ndicho kilichonikumbusha nyumbani. Paa juu, ubavu wazi, kuni zimepangwa na nafasi katikati upepo upite, kama boriti zinavyorundikwa zikauke. Kuni za mwaloni anazilaza miaka miwili. Alinifundisha kugonga vipande viwili: kikavu kinalia kama kibao, kibichi kinatoa sauti ya kufa. Ana pia kipimo cha unyevu chenye sindano mbili. Tulipokidunga kwenye zile kuni zangu za langoni mwa shamba kilisoma asilimia 38. Zinatakiwa zisizidi asilimia 20. Tangu tarehe 1 Mei 2021, mtu akikuuzia Uingereza kuni chini ya mita 2 za ujazo lazima ziwe na alama ya kuthibitisha ukavu huo. Wavu wangu haukuwa na alama yoyote, na sikujua kuitafuta. Kosa hilo ni langu nimelikubali.

Binti wa kaka yangu, ambaye ana barua ya kazi ya uuguzi na anaondoka baada ya Ramadhani, amekaa kitako ananisikiliza. "Basi Shangazi, nitafute nyumba isiyo na meko?"

Nimemwambia meko hayana kosa. Aulize, kabla hajatia saini, dohani imesafishwa lini, na aonyeshwe cheti, asikubali maneno. Kuni zikichomwa kila jioni, mara moja kwa mwaka haitoshi. Aulize kama mtaa uko kwenye eneo la kudhibiti moshi, maana miji mingi iko, tangu sheria ya hewa safi ya 1956 iliyokuja baada ya ule moshi wa London wa Desemba 1952. Huko kuni kwenye meko ya wazi hazichomwi, na moshi ukitoka kwenye dohani yako faini ni hadi pauni 300. Asitarajie miujiza ya joto pia: moto wa meko ya wazi unapeleka joto jingi juu pamoja na moshi, linalobaki nawe ni kidogo. Wenye majiko ya chuma yenye mlango wa kioo ndio wanaofaidi.

Na kuna hili ambalo nimelisema nimemshika mkono. Gesi ikipanda bei, usiku ukiwa mrefu, atajaribiwa kununua mkaa na kuuwasha ndani, kama tunavyofanya hapa. Asithubutu. Hapa madirisha yako wazi na paa linapumua. Kule mlango umefungwa kwa mpira, na kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu, mtu analala haamki. King'ora chake ni tofauti na cha moshi, na kibonyezwe kila mwezi. Cha kwangu mwenye nyumba alikuwa amekitundika kama anavyopaswa, lakini betri ilikuwa imekufa. Hata udi wa chetezo, dirisha liwe wazi.

Wali umeiva. Mama ameshusha makaa ya juu kwa koleo lile lile la miaka yote. Kabla ya kula nimemjibu wakala: nimeambatisha cheti cha Oktoba, nimeambatisha risiti ya pauni 75 nidai nirudishiwe, na nimemkumbusha kuwa sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 1985 inamtwika mwenye nyumba matengenezo ya jengo na vifaa vyake vya kupashia joto. Kuhusu uzoefu wangu wa moto nimeandika mstari mmoja tu, kwamba nimeupata Lamu na sitoufutia mtu.

Bibi jirani naye ameandika. Theluji imeanza. Kuni alizonigawia kutoka kibandani kwake, za kuwashia siku nitakayorudi, amezifunika turubai juu tu, ubavu ameuacha wazi.