Dodo alikuwa njiwa

Nafuga njiwa hapa Majengo, Moshi. Jana asubuhi nilimshika jike mmoja nikamtazama mdomo kwa karibu: ncha ngumu iliyopinda kidogo, na nyuma yake ngozi laini iliyotuna juu ya tundu za pua. Nikamkumbuka dodo, ndege mkubwa asiyeruka wa kisiwa cha Morisi, ambaye ametoweka duniani.

Watu humdhania bata mzinga, wengine mbuni mdogo. Mwaka 1842 mtaalamu wa wanyama Johannes Theodor Reinhardt wa Denmark alisema ni njiwa, wenzake wakamcheka. Vipimo vya DNA vya mwaka 2002 vilimpa haki: ndugu wa karibu zaidi aliye hai ni njiwa wa Nicobar, ambaye anaruka vizuri tu. Mababu wa dodo nao walifika kisiwani kwa mabawa. Hakukuwa na mnyama wa kuwawinda, basi vizazi vikanenepa, mabawa yakadumaa.

Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden aliyewapa viumbe majina ya Kilatini, mwaka 1766 alimwita dodo Didus ineptus, yaani asiyefaa. Jina hilo linaniuma hadi leo. Nashukuru sasa anaitwa Raphus cucullatus. Ndege aliyeishi vyema kisiwani kwake hadi mabaharia walipoleta nguruwe na panya, hafai kwa lipi?

Jike wangu nimemrudisha bandani. Ana makinda mawili.