Na Atakayepita Kesho?

Swali la Mama kuhusu nyoka tuliyekutana naye mlimani limekaa nami tangu Jumapili na halitaki kuondoka. Nimekwenda nalo kazini, nimepanda nalo basi, na jana usiku, nyumba nzima ilipokuwa imelala, nilijisikia nikilijibu kwa sauti jikoni huku nikisugua sufuria. Wiki hii mkataba wangu wa kudumu wa ukalimani hospitalini umetiwa saini hatimaye, na wifi yangu wa Korogwe amejifungua mapacha salama, lakini kila ninapofungua shajara hii ili niandike habari hizo njema, mkono unakwenda kwenye swali lile na kugoma kwenda kwingine.

Mnaijua desturi yetu ya Jumamosi. Tunatoka nyumbani kabla hapajapambazuka, Baba Idrisa akiwa amebeba maji mengi kuliko tunavyoweza kunywa, ili tuwe tumepanda na kushuka kabla jua la Arizona halijakolea. Safari hii tulikwenda Pima Canyon, ile njia ya miguu inayoanzia ukingoni mwa mji wetu wa Tucson na kupenya katika milima ya Santa Catalina, ambayo kilele chake, Mount Lemmon, kinakaribia mita 2,800 na huangukiwa na theluji kila mwaka, ilhali miguuni pake pamejaa miiba, mawe na yale madungusi marefu ya saguaro. Mvua za msimu wa joto wa huku ndiyo kwanza zinapungua, kwa hiyo nyasi zilikuwa zimefunika kingo za njia, na chini ya miti ya mesquite, ambayo ni jamaa ya ule mathenge unaowasumbua wafugaji wa Baringo, kivuli kilikuwa kizito.

Binti yetu Mwanaidi alikuwa ametangulia. Sauti ndiyo iliyotufikia kwanza, nayo ilikuwa sauti kavu, ya haraka, kama kayamba linalotikiswa na mtu asiyechoka. Nduguye Idrisa anasema hadi leo kwamba alidhani inatoka miguuni pake. Baba Idrisa alitamka neno moja tu, "Simama," na mtoto akasimama mguu mmoja ukiwa mbele. Ndipo tulipomwona nyoka. Nusu ya mwili wake ilikuwa njiani na nusu kivulini. Alikuwa amejiviringisha, shingo ameiinua na kuipinda, na mkia umesimama wima ukitetemeka kwa kasi kiasi kwamba jicho halikuweza kushika kitu isipokuwa zile pete nyeusi na nyeupe zilizo chini kidogo ya kayamba, ambazo ndizo zinazomtambulisha yule nyoka wa kayamba mkubwa wa jangwa hili, Crotalus atrox, mwenye alama za umbo la almasi mgongoni. Nakisia alizidi mita moja kidogo. Nyoka huyu anapouma hurusha kichwa umbali wa kama nusu ya urefu wake, na Mwanaidi alikuwa hatua tatu kutoka alipokuwa nyoka, kwa hiyo alikuwa salama, lakini hesabu hiyo niliifanya baadaye. Wakati ule nilimwona mwanangu na kile kichwa kipana, basi. Baba yake alimwambia arudi nyuma polepole bila kugeuka, naye akarudi, hatua kwa hatua, mpaka mkono wangu ukamfikia.

Tulisubiri kwa mbali. Kayamba lilipungua, likakoma, na baada ya muda nyoka akajinyoosha na kuingia taratibu kwenye mawe ya upande wa kijito. Wazee wawili waliokuwa wakipanda nyuma yetu tuliwasimamisha, wakasubiri pamoja nasi, wakashukuru, kisha sote tukapita.

Jumapili nilimpigia Mama, hapa ikiwa saa mbili asubuhi na kule nyumbani Mombo, Tanzania, saa kumi na mbili jioni. Nilimwamkia, akaitikia, tukaulizana hali za watu wote, kisha nikamsimulia, tena kwa furaha, kwa kuwa mwanangu alikuwa mzima na alikuwa ametii. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Mkamuua?"

"Hapana, Mama. Tulimpisha, akaenda zake."

"Mlimpisha."

"Ndiyo. Na waliokuwa nyuma yetu tuliwaonya."

"Na atakayepita kesho?"

Nilinyamaza. Naye hakungoja jibu. Aliniuliza kama mchele wa huku umepanda bei, akaniambia wa kwao umepanda, akamsalimia Baba Idrisa, akaaga.

Kilichoniuma ni lile neno la katikati, "mlimpisha", alilolirudia bila kupandisha sauti, halafu akalinyamazia. Mama hakufoka. Laiti angefoka, ningejua la kufanya, kwa maana hasira ya Mama ninaifahamu tangu utotoni na ninajua inapoishia. Sauti ile ilikuwa ya mtu anayepokea habari ambayo aliwahi kuisikia mahali pengine na ambayo haikumpendeza hata mara ya kwanza.

Kuanzia hapo nilianza kujitetea mbele ya mtu ambaye hakuwa akinisikiliza. Jumatatu, kwenye basi, nilimweleza moyoni kwamba Arizona ina spishi 13 za nyoka wa kayamba, na kwamba mmoja wao, yule mdogo wa milimani mwenye pua iliyoinuka, Crotalus willardi, jimbo lilimtangaza mwaka 1986 kuwa mtambaazi wake rasmi. Nilimweleza kwamba wanakula panya, kwamba mwanadamu si windo lao, na kwamba madaktari wa huku wamekuwa wakisema kwa miaka mingi kuwa sehemu kubwa ya wanaoumwa ni wale waliomsogelea kwa makusudi ili wamshike, wamchokoze au wamuue. Jumanne nilimletea takwimu. Nchini Marekani watu kati ya 7,000 na 8,000 huumwa na nyoka wenye sumu kila mwaka, na wanaofariki ni watano hivi. Niliona hoja hiyo ina nguvu ya kumaliza mazungumzo yote.

Haikuyamaliza, kwa sababu takwimu hizo zina upande wa pili, nami ninaufahamu vizuri. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba barani Afrika watu kati ya 435,000 na 580,000 kila mwaka huumwa na nyoka kiasi cha kuhitaji matibabu. Mwaka 2017 shirika hilo liliweka sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa, na mwaka 2019 likatoa mkakati wa kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030. Kabla ya hapo, mwaka 2014, FAV-Afrique, dawa iliyotegemewa dhidi ya nyoka wengi wa Afrika kusini mwa Sahara, iliacha kutengenezwa huko Ufaransa, na chupa za mwisho ziliisha muda wake Juni 2016. Hapa Tucson, mtu akiumwa saa tisa usiku, kuna kituo cha sumu cha Chuo Kikuu cha Arizona kinachopokea simu saa zote, kuna gari la wagonjwa, na kuna hospitali yenye dawa ya kuzuia sumu, ule unga mkavu uliotokana na damu ya kondoo au farasi, unaoyeyushwa na kuingizwa mshipani, chupa kadhaa kwa kuanzia. Chupa moja hulipishwa maelfu ya dola, na hilo ni balaa la aina yake, lakini chupa ipo. Wale watano wangekuwa wengi mno bila chupa hiyo, maana nyoka wa huku si mpole kuliko wa kwetu.

Jumatano nilishindwa, nikapiga simu tena ingawa haikuwa siku yetu.

"Mama, lile swali lako la Jumapili halijanitoka."

"Swali gani?"

"La atakayepita kesho."

Alikaa kimya kwa muda mrefu kiasi kwamba nilidhani mtandao umekatika. Kisha akaniuliza kama ninakumbuka mguu wa mjomba. Ni nani asiyeukumbuka? Nimewahi kuuandika hapa: kifutu alimuuma jioni akirudi kutoka shambani, wakamfunga kamba juu ya goti, wakambandika jiwe la nyoka, lile linalodhaniwa kunyonya sumu, na kumzungusha kwa waganga, na alipofikishwa hospitali nyama ilikuwa imekwisha kuoza, mguu ukakatwa chini ya goti. Hiyo ndiyo hadithi tuliyokua nayo. Kuna kipande chake ambacho hatukuwahi kupewa.

"Yule kifutu alionekana asubuhi," Mama alisema.

"Na nani?"

"Na sisi. Mimi na wenzangu tulikuwa tunakwenda kuteka maji. Alikuwa amelala kwenye jua, mnene, hana habari na mtu. Tukampisha."

Sikuwa na neno. Nilimsikia akipumua, na nyuma yake nikasikia mtu akipita na baiskeli na kumwamkia, naye akaitikia "Marahaba" kwa sauti ile ile ya siku zote.

Tangu hapo mazungumzo yale ya Jumapili yamegeuka masikioni mwangu. Neno "mlimpisha" nililodhani ametupiwa binti aliyepotelea ugenini halikuwa langu. Lilikuwa la msichana mwenye ndoo kichwani, na limekuwa likimrudia kwa miaka yote hiyo, kila alipomwona kaka yake akijikongoja na gongo lake kwenda msikitini. Nilimwambia kwamba hakuwa na kosa, kwamba wasichana wale hawakuwa na fimbo wala panga, na kwamba kumshambulia kifutu kungeweza kumpotezea mguu yeye mwenyewe. Akasema, "Ninajua, mwanangu." Sidhani kama kujua kunamsaidia sana.

Halafu yeye ndiye aliyegeuza mazungumzo, akaomba nimweleze tena kuhusu ile sauti. Nilimpa simu Mwanaidi, ambaye alimweleza bibi yake yote aliyojifunza shuleni: kwamba kayamba ni vipande vikavu vya kitu kile kile kilichotengeneza kucha zetu, vimeshikamana bila kukazwa, kwamba nyoka akijivua gamba huongezeka kipande kimoja, na kwamba usihesabu vipande ili kujua umri wake, kwa sababu hujivua zaidi ya mara moja kwa mwaka na vipande vya mwisho hukatika. Mama alisikiliza kwa raha kabisa, kisha akasema jambo ambalo lilitufanya sote tucheke:

"Basi huyo wenu ana adabu. Anabisha hodi."

Nilicheka, lakini nilirudi kwenye simu, kwa sababu Mwanaidi alikuwa anasikiliza na sikutaka aondoke na imani hiyo. Nyoka wa kayamba anabisha hodi akitaka. Ngao yake ya kwanza ni kutulia na kufanana na ardhi, na wengi hupitwa karibu bila kutoa sauti yoyote. Waliozaliwa karibuni, na hii ndiyo miezi yao, hawana zaidi ya kifungo kimoja mkiani kisichoweza kulia, ingawa sumu wanayo tangu siku wanapotoka tumboni mwa mama. Hata sauti yenyewe ina ujanja wake. Mwaka 2021 watafiti wa Graz, Austria, walionyesha kwamba kadiri kitu kinavyomkaribia, nyoka huongeza kasi ya mlio polepole mpaka kama mitikisiko 40 kwa sekunde, kisha anairusha ghafla hadi kati ya 60 na 100, na msikilizaji hudhani amemfikia nyoka ilhali bado yuko mbali. Nadhani ndicho kilichompata Idrisa.

Kwa hiyo kanuni za nyumba yetu zinabaki zilivyo, na Mwanaidi amezirudia mbele ya bibi yake: kutazama kabla ya kukanyaga na kabla ya kuweka mkono kwenye jiwe, kutovaa vitu masikioni njiani, kutoruka gogo ila kulikanyaga juu kwanza na kuangalia upande wa pili. Mtu akiumwa, atulie, avue pete na saa, apelekwe hospitali. Asichanjwe kwa wembe, asifungwe kamba, asinyonywe jeraha. Mama aliposikia la kamba alinyamaza tena, na mimi nikaharakisha kusema mengine.

Siwezi kusema kwamba tungemuua yule wa Pima Canyon. Nisingefanya hivyo hata leo, na Mama hakuniomba. Ila ninaona sasa jinsi huruma yangu ilivyosimama juu ya vitu vingi nisivyovitaja niliposimulia: viatu vigumu, njia pana, mwanga wa mchana, simu yenye mtandao, gari linalongoja chini, na ile chupa ya unga mkavu. Mtoto wa Mombo anayepita jioni kwa miguu mitupu akiwa na kuni kichwani hana hata kimoja, na mtu mzima anayemwacha kifutu mbele ya mtoto huyo anaamua jambo tofauti kabisa na tulilolifanya sisi, ingawa kwa macho kitendo ni kimoja. Nimeandika hili kwa ajili ya jamaa zetu wa huku wanaowacheka wazazi nyumbani kwa kuua kila nyoka. Nimewasikia katika karamu zetu, na imekuwa ikinisumbua muda mrefu kuliko nilivyojua.

Nilimwambia Mama kwamba mwezi ujao, pamoja na hela ya kawaida, nitatuma ya gambuti na tochi zenye mwanga mkali, kwa ajili yake na kwa vijana wanaolala kwake. Akauliza kama inaweza kutosha na ya jirani, kwa kuwa mtoto wa jirani ndiye anayepita njia ile mara nyingi zaidi. Baba Idrisa ameshapiga hesabu, na itatosha tukiacha safari ya Flagstaff.

Tukiacha hiyo, itabaki shughuli ya Idrisa, ambaye anatimiza miaka 15 na miezi 6 na kwa sheria ya Arizona anaweza kuomba kibali cha kujifunza udereva. Fomu inataka saini ya mzazi na imekaa juu ya friji tangu Jumatatu. Baba yake anasema nitie saini tu. Mimi ninaiangalia ile barabara ya Oracle na malori yake kila asubuhi nikiwa kwenye basi, na bado sijashika kalamu.